Breki za Gari la Zamani Zikipungua Nguvu: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Gari la miaka ishirini na zaidi likianza kuchelewa kusimama, gereji nyingi hukimbilia pedi za mbele. Pengine ndiyo dawa. Lakini mara nyingi pedi mpya hufungwa, fedha inatoka, na pedeli inabaki ilivyokuwa, kwa sababu ubovu ulikuwa nyuma kwenye dramu (pipa la chuma linalozunguka na gurudumu na kubanwa kutoka ndani), au kwenye pini zilizoganda za kalipa (kishikio kinachobana pedi kwenye diski), au kwenye mafuta ya breki ambayo hayajaguswa tangu gari lishuke melini. Pedeli inakuambia pa kuangalia. Uchunguzi ulioelezwa hapa unachukua asubuhi moja, na uufanye wote kabla hujaenda dukani.

Mfano wetu ni Toyota Corolla 110, ambayo nyingi zina diski mbele na dramu nyuma. Starlet, Probox na gari nyingine ndogo za Kijapani za enzi hizo zimejengwa kwa namna ileile, kwa hiyo hatua hazibadiliki, ila vipimo vihakikishe kwa gari lako.

Andaa jeki, stendi mbili, wili spana, mawe au magogo ya kuzuia matairi, spana namba 8 hadi 14, bisibisi bapa, tochi, rula ya milimita (venia ni bora zaidi), mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, chupa tupu, na mtu wa kukusaidia kukanyaga. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki za haidroliki hushuka zenyewe bila taarifa.

Anza na chupa ya mafuta ya breki

Fungua boneti uangalie chupa iliyo juu ya masta silinda (silinda inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli). Kiwango kiwe kati ya alama mbili. Kikiwa kimeshuka, usijaze tu na kufunga. Kuna sababu mbili tu: pedi zimelika, hivyo pistoni zimetoka nje zaidi na kubaki na mafuta mengi nyuma yake, au kuna mahali panavuja. Taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi, inayowaka ukivuta handibreki, ndiyo hiyohiyo inayowaka mafuta yakipungua. Ikiwaka kwenye kona au mlimani kisha ikazima, kiwango kimekaribia mwisho.

Angalia rangi. Mafuta mapya yana umanjano hafifu, na yaliyochoka ni kahawia au meusi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kupitia mipira na kifuniko, na maji hayo hushusha kiwango cha kuchemka. DOT ni daraja la mafuta ya breki: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 hushuka hadi takriban 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Ndiyo maana yanatakiwa kubadilishwa kila miaka miwili, hata kama gari halitembei sana.

Sasa angalia mpira ulio ndani ya kifuniko. Ukiwa umevimba na kulegea, huenda kuna mtu aliwahi kuongeza mafuta ya injini, ya gia au ya stelingi. Hakikisha hivi: chukua matone machache ya mafuta hayo, yaweke kwenye glasi ya maji, koroga. Mafuta halisi ya breki huyeyuka na kupotelea majini. Yakielea juu, mfumo umechafuliwa na mafuta ya madini, ambayo huvimbisha mipira yote ya breki. Kumwaga na kujaza upya hakutaponya. Itabidi kubadilisha mipira ya masta silinda, kalipa, wili silinda (silinda ndogo zilizo ndani ya dramu) na hosi zote, na kuosha paipu. Ni gharama kubwa, lakini gari hilo halifai kutembea hadi kazi hiyo iishe.

Pedeli inasema nini

Kaa kwenye kiti, injini ikiwa inaunguruma, gari limesimama mahali tambarare. Kanyaga kama unavyokanyaga barabarani.

Pedeli ikibonyea kama sponji na kuimarika kadiri unavyopampu, kuna upepo ndani ya mfumo. Upepo hauingii wenyewe. Ama kazi ya mwisho ilifanywa vibaya, ama mafuta yaliwahi kuisha kwenye chupa, ama kuna mpira unaovuja.

Ikishuka sana mara ya kwanza, kisha ukikanyaga tena harakaharaka ikakutana na mguu juu na ikiwa imara bila kubonyea, hapo huna upepo. Una nafasi kubwa mno kati ya shuu za nyuma (vipande vinavyobana dramu kutoka ndani) na dramu. Thibitisha kwa handibreki: ivute kabisa, kanyaga tena. Kama pedeli sasa inaishia juu zaidi tangu mara ya kwanza, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya dramu hapa chini. Kama haijabadilika, tikisa magurudumu ya mbele yakiwa hewani, ukishika juu na chini ya tairi. Beringi yenye mchezo huacha diski iyumbe na kusukuma pedi mbali, hivyo mkanyago wa kwanza unapotea katika kuzirudisha.

Pedeli ikisimama vizuri, kisha ukiishikilia kwa nguvu ya wastani kwa nusu dakika ikawa inazama taratibu kuelekea sakafuni, kuna sehemu inavuja nje au mipira ya ndani ya masta silinda inapitisha mafuta. Futa paipu zote, kalipa na pande za ndani za matairi ya nyuma kwa kitambaa kikavu, mwenzio akanyage kwa nguvu kwa dakika moja, kisha pita na tochi. Usipoona unyevu popote, angalia mahali masta silinda inapokutana na busta (kopo kubwa la duara linaloongeza nguvu ya mguu). Mpira wa nyuma ukichoka, mafuta huingia ndani ya busta na hayaonekani nje. Legeza nati mbili zinazoishika masta silinda, ivute mbele sentimita moja au mbili bila kupinda paipu, uchungulie. Pakiwa na mafuta, umepata jibu. Pakiwa pakavu, na pedeli bado inazama, masta silinda inapitisha kwa ndani.

Na pedeli ngumu kama chuma ilhali gari linachelewa kusimama? Hiyo ni busta, au pedi zilizong'aa au kulowa, au pistoni zilizoganda. Busta ndiyo rahisi kupima, kwa hiyo ianze.

Busta: vipimo vitatu, hakuna cha kufungua

Zima injini, kanyaga mara tano au sita hadi pedeli iwe ngumu. Ikandamize, kisha washa injini. Pedeli inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta haipati nguvu.

Acha injini iungurume dakika moja au mbili, izime, kanyaga taratibu mara tatu. Mkanyago wa kwanza ushuke zaidi, wa pili na wa tatu iishie juu zaidi. Ikiwa yote ni sawa tangu wa kwanza, busta haihifadhi nguvu. Kisha kanyaga injini ikiwa inawaka, izime ukiwa umeshikilia, hesabu sekunde 30. Pedeli ikikusukuma juu, kuna mvujo.

Kabla ya kuilaani busta, chomoa mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye injini). Mara nyingi umepasuka kwenye pindo au umelegea kwenye klipu. Ndani yake, au pale unapoingilia, kuna valvu ya njia moja: hewa ipite kutoka busta kwenda injini, isirudi. Puliza kwa mdomo pande zote mbili utajua.

Busta hutegemea uvutaji wa hewa wa injini, na uvutaji huo hupungua kadiri unavyopanda juu. Injini isiyo na ubovu ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta) ufukweni huonyesha takriban milimita 450 hadi 550 za zebaki, na kila mita 300 za mwinuko huondoa kama 25. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, gari lilelile lina upungufu wa karibu 140. Kwa hiyo gari lililokuwa sawa Mombasa huweza kuwa na pedeli nzito kidogo bara, na injini iliyochoka hufichua udhaifu huo huko kwanza. Busta mpya haiponyi injini mbovu.

Barabarani

Kama pedeli inashika na haizami, tafuta barabara tupu, kavu, tambarare. Hakikisha kwanza upepo wa matairi ni sawa kushoto na kulia. Kwenye kilomita 40 kwa saa kanyaga kwa uthabiti, mikono ikiwa imeshika usukani bila kuubana.

Gari likivuta kulia, breki ya kulia ndiyo inayofanya kazi na ya kushoto ndiyo mgonjwa. Wengi hugeuza jambo hili na kufungua upande usio na ubovu. Usukani ukitetema, shuku diski za mbele. Mtetemo ukiusikia zaidi kwenye kiti, shuku dramu iliyopoteza umbo la duara.

Endesha kilomita tano hivi, simama, na bila kugusa chuma sogeza kiganja karibu na kila rimu. Za mbele ziwe na joto kuliko za nyuma, na kushoto kulingane na kulia. Gurudumu la baridi halifungi. Gurudumu linalounguza halifunguki, na hilo pia hupunguza breki kwa sababu pedi yake imeshapikwa kabla hujaihitaji.

Magurudumu ya mbele

Zuia matairi ya nyuma, inua, weka stendi, toa tairi. Pima pedi zote nne, ya ndani na ya nje, kwa unene wa msuguo pekee bila bati lake. Kikomo cha Toyota ni milimita 1, lakini badilisha zikifika 3, kwani pedi nyembamba hupitisha joto kwa wingi kwenye pistoni na mafuta.

Linganisha ulikaji. Pedi ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, au moja imelika kimshazari, kalipa haitelezi kwenye pini zake. Hili ndilo tatizo linalopitwa zaidi pedi zinapobadilishwa haraka. Toa pini, zioshe, zing'arishe kwa msasa laini, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira ya vumbi, na baada ya miezi michache pini zimekwama zaidi ya mwanzo.

Pistoni ipime kwa kuisukuma ndani taratibu kwa jiriwa ya mkono, nipo (skrubu ndogo ya kutolea mafuta na upepo) ikiwa imefunguliwa kidogo na mrija umeelekea kwenye chupa tupu, ili uchafu usirudishwe juu. Irudi kwa nguvu ya wastani na sawia, kisha funga nipo kabla ya kulegeza jiriwa. Ikigoma, au ukiinua mpira wa vumbi ukakuta kutu, kalipa inahitaji kiti ya ukarabati au kubadilishwa.

Pedi zilizong'aa uso husuguliwa kidogo kwa msasa na kurudi kazini. Pedi zilizolowa mafuta ya breki au grisi hutupwa. Kuzichoma moto au kuziosha kwa petroli ili "zikauke" ni kujidanganya: mafuta yamezama ndani na yatatoka tena zikipata joto. Tena petroli usiitumie kabisa kwenye kalipa na wili silinda, kwa sababu inaharibu mipira.

Diski ina unene wa mwisho uliochorwa kwenye chuma chake. Pima sehemu tatu au nne kuizunguka. Tofauti ndogo tu huleta mtetemo. Wakati wa kurudisha, safisha kutu kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kaza nati kwa mpangilio wa msalaba hadi nyutoni-mita 103, si kwa kuruka juu ya spana. Nati zilizokazwa ovyo hupindisha diski nyembamba.

Dramu za nyuma

Hapa ndipo gari nyingi za zamani zinapotezea breki, kwa kuwa hakuna anayefungua. Shusha handibreki, zuia matairi ya mbele. Dramu ikigoma kutoka, ina matundu mawili yenye nyuzi: ingiza bolti mbili za M8, zikaze kwa zamu kidogokidogo zitaisukuma nje. Ikishikwa na ukingo uliojengeka ndani, toa kizibo cha mpira nyuma ya bati, inua mkono wa ajasta (kirekebishi cha nafasi kati ya shuu na dramu) kwa bisibisi moja na urudishe gurudumu lake la meno kwa nyingine.

Usipulizie vumbi kwa kompresa. Lainingi (tabaka la msuguo kwenye shuu) za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, ambayo huharibu mapafu. Lowesha kwa maji ya sabuni na ufute.

Kunjua mipira ya vumbi ya wili silinda. Unyevu kidogo wa kung'aa huvumilika, tone la mafuta halivumiliki. Badilisha zote mbili, kushoto na kulia, pamoja na shuu zilizolowa. Kwa gari lenye ekseli nzima nyuma, kama Hiace, ukikuta mafuta mazito yenye harufu ya gia, kosa si la breki bali la sili ya ekseli, na shuu mpya zitalowa tena wiki hiyohiyo ukiiacha.

Kuna tabia ya kuziba au kubana paipu ya gurudumu linalovuja "hadi fedha ipatikane". Usikubali. Gurudumu moja la nyuma likifunga na jingine halifungi, barabara ikiwa na maji gari hugeuka lenyewe.

Lainingi isiwe chini ya milimita 1. Kipenyo cha dramu ya Corolla kikiwa kipya ni milimita 200 na mwisho ni 201. Kisha geuza ajasta kwa vidole. Mara nyingi imeshikwa na kutu, ndiyo maana shuu zilibaki mbali na pedeli ikashuka. Ifungue, isafishe, paka grisi kidogo ya kuhimili joto kwenye nyuzi na kwenye sehemu za bati zilizoinuka ambapo shuu huteleza. Usichanganye ajasta za kushoto na kulia: nyuzi zake zinazunguka kinyume, na ukizibadilishana kila mkanyago utalegeza badala ya kukaza.

Rudisha dramu, zungusha ajasta hadi dramu isizunguke kwa mkono, kisha rudisha nyuma meno 8. Baada ya hapo ndipo urekebishe handibreki, ishike kati ya meno 4 na 7. Ukianza na kamba ya handibreki ili kupandisha pedeli, mkono wa ndani unabaki umevutwa, ajasta inaacha kujirekebisha, na baada ya muda pedeli inarudi chini.

Gurudumu lisilofunguka

Inua gari, kanyaga, achia, zungusha. Gurudumu la mbele likibaki limeshikwa, legeza kwanza kiungio cha paipu ya chuma na hosi. Likifunguka, mafuta yanabanwa huko juu: masta silinda hairudi, au fimbo yake haina mchezo. Pedeli iwe na mchezo wa milimita 1 hadi 6 kabla ya kuanza kusukuma. Lisipofunguka, kaza hapo, fungua nipo. Likifunguka sasa, hosi imevimba ndani na kuziba njia ya kurudi, hata kama nje inaonekana nzima. Lisipofunguka bado, kalipa au pini zake zimekwama.

Kutoa upepo

Nusu lita inatosha kutoa upepo, lita moja kubadilisha mafuta yote. Tumia kopo lililofungwa, DOT iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 4 inaweza kuingia palipo na DOT 3, lakini DOT 5 ya silikoni isichanganywe na yoyote.

1. Nyonya mafuta machafu yaliyo kwenye chupa ya masta silinda, jaza mapya. Usiruhusu yashuke chini ya alama ya chini wakati wowote wa kazi.
2. Weka kipande cha ubao chini ya pedeli. Gari la zamani lina kutu sehemu ya mwisho ya masta silinda, ambayo mipira haifiki siku zote. Pedeli ikigonga sakafu, mipira hupita juu ya kutu hiyo na kuchanika, na masta silinda iliyokuwa nzima inaanza kuzama siku ya pili.
3. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: kwa usukani wa kulia, nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.
4. Vaa mrija kwenye nipo, mwisho wake uzame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa uliyoandaa. Mwenzio akanyage mara tatu taratibu na kushikilia.
5. Fungua nipo robo mzunguko, acha pedeli ishuke, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani.
6. Rudia hadi yatoke mafuta safi bila povu.

Yakimwagika kwenye rangi, osha kwa maji papo hapo. Yaliyotoka usiyarudishe kwenye mfumo.

Kama pedeli ni nzuri mjini lakini inakwenda chini mwishoni mwa mteremko wa Kitonga au Mai Mahiu, mafuta yenye maji yanachemka na kufanya mvuke. Pedeli ikibaki imara lakini gari halishiki, ni pedi zilizozidiwa na joto. La kwanza huponywa na mafuta mapya, la pili na pedi bora, na yote mawili na gia ndogo tangu juu ya mteremko.

Baada ya kazi

Kanyaga pedeli mara kadhaa kabla ya kuondoa gari, maana pistoni zilizosukumwa ndani haziko mahali pake na mkanyago wa kwanza utakuwa mtupu. Zizoeshe pedi mpya: punguza kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara nane hadi kumi, ukiachia nusu dakika kati ya mkanyago na mkanyago, bila kusimama kabisa wakati zikiwa na moto. Rudia kipimo cha kilomita 40 na cha joto la rimu. Kaza tena nati baada ya kilomita 100, na weka alama ya penseli kwenye chupa ya mafuta. Kiwango kikishuka ndani ya wiki ilhali pedi ni mpya, rudi kwenye wili silinda na nyuma ya masta silinda siku hiyohiyo.